Darasa la kingereza la jioni pale Mwanga, Kigoma: neno run peke yake limenirudishia ada yangu

Nimemaliza miezi mitatu ya lile darasa la kingereza la jioni pale Mwanga, na kwa sababu wenzangu kadhaa wa Kibirizi wananiuliza kama linafaa naona niandike yote hapa mara moja.

Mi ni mtu wa boti, napeleka wageni Gombe. Kingereza cha kukaribisha na kupatana bei nilikuwa nacho, nikajua kinatosha. Sasa kuna siku tunarudi, mchana, ziwa limeshaanza kuchafuka, mgeni mmoja mzee akachungulia dumu la petroli akanambia "you're running low". Mi run naijua ni kukimbia, low ni chini, nikaelewa analalamika tunaenda taratibu, nikamjibu "no problem" nikaongeza moto. Kumbe ananionya mafuta yanakaribia kuisha! Na kuongeza moto ndo nikayamaliza haraka zaidi. Injini ikakata, tukapigwa na mawimbi karibu saa nzima, abiria sita, mpaka boti iliyokuwa inatoka Mwamgongo ikatuvuta. Sijawahi kuogopa vile, maana wale watu walikuwa mikononi mwangu na nilikuwa nimeambiwa kabisa, ila sikusikia.

Wiki iliyofuata nikajiandikisha. Ada elfu thelathini kwa mwezi, Jumatatu mpaka Alhamisi, saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, chumba kimoja cha mabenchi na ubao wa chaki.

Wiki mbili za kwanza ni mambo ya kawaida tu, salamu, nyakati, sina la kusema. Wiki ya tatu ndo mwalimu akaandika run katikati ya ubao akazungusha duara, pembeni akachora bomba la maji, duka, boti, pua ya mtoto, akasema vyote hivi kwa kingereza vina-run. Mama mmoja anayeuza dagaa na mawese akanyoosha mkono, "Samahani mwalimu, duka linakimbiaje?" Mwalimu akamuuliza, "Mama yangu, hicho kitenge ulikipiga pasi leo?" "Nilikipiga." "Na hiyo pasi ilikukosea nini?" Darasa kimya kidogo, halafu watu wakaanza kutaja wenyewe, piga simu, piga picha, piga mswaki, piga kura, piga hodi, piga magoti, piga deki, piga chafya, ubao ukajaa na hakuna aliyepigwa hata mmoja. Pale ndo nilielewa kitu ambacho shuleni miaka yote sikuambiwa, kwamba neno usilibebe peke yake ukalitafsiri, angalia limekaa na nani. Piga ukiiweka na simu ni jambo moja, ukiiweka na kura ni lingine kabisa, na run ni vilevile: ikiwa na out of ni kuishiwa, ikiwa na late ni kuchelewa, ikiwa na into mtu ni kukutana naye bila kutegemea, ikiwa na over ni gari kumgonga mtu (hizi mbili za mwisho usije ukazichanganya ukiwa polisi unatoa maelezo). Mwanasiasa akigombea, Marekani wanasema ana-run, Uingereza wanasema anasimama, yaani stand, na wote wanamaanisha kugombea.

Alitupa na mfano wa Liemba nikaupenda sana kwa sababu meli ile tunaijua wote. Ili-run kati ya Kigoma na Mpulungu kule Zambia, hapo ni kufanya safari, na mwanzoni ili-run kwa mvuke, baadaye kwa dizeli, hapo ni kile kinachoisukuma. Meli moja, neno moja, maana mbili, na ukisikiliza maneno ya jirani hupotei.

Akasema pia tusijione wajinga, kwenye kamusi kubwa ya Oxford toleo la 1989 neno lililoongoza kwa maana nyingi lilikuwa set, maana 430, lakini walipolipitia upya run likalipita, kama kitenzi tu likafika maana 645, na mhariri wake Peter Gilliver alikaa na neno hilo moja miezi tisa. Miezi tisa! Sisi tulilisoma siku nne na nilitoka na kurasa kumi na moja za daftari.

Mabaya yapo na lazima niyaseme. Umeme ukikatika hakuna taa ya akiba, tunasoma kwa tochi za simu. Karatasi za mazoezi unalipia pembeni, mia tano mia tano, na hilo wakati wa kujiandikisha haulisikii, wangesema mapema ingependeza. Kubwa zaidi ni kwamba hatusikilizishwi sauti za wazungu wenyewe wakiongea, tunamsikia mwalimu tu, na mgeni kwenye boti haongei taratibu kama mwalimu, tena injini inanguruma. Wangeleta hata spika ndogo. Na kama hujui kabisa kingereza usianzie hapa, utachoka wiki ya kwanza, mwendo ni wa watu wenye msingi. Ila wewe wa boti, wa gesti, wa bajaji, nenda, kundi jipya wanapokea kila mwanzo wa mwezi.

Juzi hapa tumetoka Kibirizi hatujafika mbali, dada mmoja mgeni aliyekaa nyuma karibu na injini akanambia "I think it's running hot". Sikuongeza moto. Nikazima palepale, nikainyanyua injini, nikakuta mfuko wa plastiki umeziba pale inapovutia maji ya kupoza. Nikauchomoa, tukasubiri ipoe, tukaendelea na safari ya Gombe.