Dawati la msaada wa kisheria mjini Malindi: ushauri mzuri, benchi baya

Mwezi huu nimekwenda mara tatu, pamoja na binti wa jirani yangu, katika kituo kidogo cha Malindi kinachowapa wanawake na watoto msaada wa kisheria bila malipo. Jina lake silitaji, kwa kuwa wengi wanaokiendea hawapendi kuonekana mlangoni pake.

Shauri letu lilikuwa la matunzo. Baba wa mtoto anafanya kazi hotelini Watamu, hawakufunga ndoa, na tangu mtoto azaliwe ameleta pesa mara mbili tu. Tulidhani tungeelekezwa kwa kadhi. Msaidizi wa kisheria, mama wa makamo ambaye haikupita saa binti akawa anamwita shangazi, alitufafanulia kwamba kadhi huamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu, ilhali hapa ndoa haikuwapo. Na kwamba kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawatwika baba na mama wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Akatuandalia hati za mahakama ya watoto, kisha akamfasiria binti kila aya kwa Kiswahili kabla hajatia sahihi. Mawakili niliowahi kuwalipa hawakunifanyia hivyo.

Hata hivyo, ushauri bora kuliko wote niliousikia pale haukuwa wetu. Mama mmoja alifika akilia kwamba mwanawe amenajisiwa usiku wa disko matanga, yaani dansi ya usiku ya matangani, na wazee wanataka yamalizwe nyumbani kwa fidia. "Mama, usimwogeshe mtoto," aliambiwa. "Nguo zake zitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, na mwende hospitali sasa hivi, maana dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi hazifai tena saa 72 zikishapita." Akaelezwa kuwa fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, hailipiwi, na kuwa chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 familia na wazee hawana uwezo wa kuifuta kesi hiyo; uamuzi wa kuisitisha ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Maneno hayo ni ya thamani, lakini mimi sikupaswa kuyasikia. Wateja huhojiwa kwenye benchi la mlangoni, wengine wakiwa wameketi bega kwa bega, katika mji ambao anayekusikia huenda ni wifi yake mshtakiwa. Chumba cha nyuma kipo, kimejaa makaratasi.

Nilimwuliza pia shangazi kuhusu vijana wanaopigwa kwa kushukiwa kuwa mashoga. Alijibu kwamba aliyepigwa ni mlalamikaji kama mwingine, na kwamba tangu 2018 Mahakama ya Rufaa, iliyoketi Mombasa, imekataza washukiwa kupimwa njia ya haja kubwa kwa nguvu. Lakini kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza ngono ya wanaume kwa wanaume, bado kinatishia kifungo cha miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mwaka 2019; sioni kijana gani atathubutu kuyasema hayo kwenye benchi lile.

Anayetaka kwenda afike kabla ya saa mbili asubuhi. Safari yetu ya tatu tulifika saa hiyo, benchi likiwa tupu, na binti akazungumza bila kujifunika mdomo kwa leso.