Gari dogo la kupandia kilima cha Bugando: hesabu pistoni kabla ya cc

Mtu akitafuta gari dogo hapa Mwanza huuliza kwanza cc, yaani ukubwa wa injini. Mimi nauliza pistoni ngapi, na zimepangwaje. Utulivu wa injini unatoka hapo.

1. Pistoni nne za mstari, cc 1300. IST yenye injini ya 2NZ, au Passo ya 1.3. Mbili zikipanda, mbili zinashuka, na kila nusu mzunguko wa krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, kuna moja inayochoma mafuta. Mtetemo unaobaki ni mdogo. Injini kubwa ya aina hiyo, kama 2AZ ya cc 2400, huwekewa shafti za kusawazisha. Ya 1300 haizihitaji. Ningekuwa nanunua leo, ningechukua hii.

2. Pistoni tatu, cc 996. Hii ni injini ya 1KR ya Passo na ya Vitz iliyotoka 2005. Usiichanganye na Vitz ya 1999: nayo ni ya cc 1000, lakini ina pistoni nne. Kwenye tatu, uzito unaopanda na kushuka unajisawazisha, ila ncha mbili za injini hupokezana kunyanyuka, kama mtumbwi unaopigwa na wimbi omo na tezi. Foleni ya Buzuruga, AC imewashwa, mtetemo utausikia kwenye usukani. Yangu nilibadilishiwa mauntini, raba zinazoshikilia injini, mara mbili, pesa ikaenda, mtetemo ukabaki palepale. Ndivyo ilivyoundwa. Lakini ni nyepesi na mafuta inanusa tu, kwa hiyo mwenye bajeti ndogo asiiogope.

3. Pistoni sita za mstari. Mark II GX110, injini ya 1G, cc 1988. Kwa utulivu hakuna inayoifikia hapa, kila nguvu inafutwa na mwenzake. Nimeiweka chini kwa sababu ya mafuta tu, na inaniuma.

Subaru ya pistoni za kulala nayo imetulia, ila kubadili plagi ni kazi: zimejificha ubavuni.

Siku ya kukagua, mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Fungua boneti uhesabu koili, vile vifaa vinavyopeleka umeme kwenye plagi. Kwenye Toyota hizi ndogo kila pistoni ina yake. Kisha washa injini, kanyaga breki, weka D, washa AC. Ya pistoni nne ikitetemeka kama ya tatu, usikubali kuambiwa "ndiyo zilivyo". Fundi achomoe soketi za koili mojamoja, injini ikiunguruma. Ile ambayo ikichomolewa hakibadiliki kitu, pistoni yake haichomi.