Miezi miwili ya kubonyeza mwili kwa ajili ya sonona: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani, Buguruni, Dar es Salaam. Mwaka jana, wiki chache baada ya Idi, nilianza kuamka saa tisa usiku na kubaki macho hadi adhana. Mchana nakaa mbele ya cherehani, kitambaa mkononi, mguu hautaki kukanyaga. Hatukufiwa, sikuachwa, na wateja walikuwepo. Mama kila siku, "Mwanangu, una nini?" nami sina cha kumjibu. Jirani mmoja alishaanza kunitajia mganga.

Nilianzia kituo cha afya, na nawaomba na nyinyi muanzie huko. Daktari alinisomea maswali tisa, yote ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, kujiona sina thamani, na la mwisho kama niliwahi kufikiria ni heri nife. Hilo nilijibu hapana. Nilipata alama 8 kati ya 27, na kuanzia 5 hadi 9 huhesabiwa sonona ya kiwango cha chini. Hakuniandikia dawa. Alinipangia kuonana na mshauri nasaha kila wiki na akanitaka nitembee kwa miguu kila siku. Akaniambia pia kwamba siku jibu la swali la tisa likibadilika nisingoje miadi, nije siku hiyohiyo. Nilimuuliza kuhusu akyupresha, yaani tiba ya kubonyeza sehemu maalumu za mwili kwa vidole, akasema haina shida ila nisiiache njia ya ushauri kwa ajili yake.

Basi nikaenda kliniki moja ya tiba za Kichina. Shilingi 25,000 kwa mara moja, dakika arobaini hivi, na nilikwenda mara sita. Aliyenihudumia ni dada Mtanzania, mpole, mikono ya moto. Kilichonivuta tangu siku ya kwanza ni namna anavyopima. Mimi nampima mteja kwa futi, sentimita ni zilezile kwa kila mtu. Yeye akasema, "Leta vidole vyako, dada, si vyangu." Katika tiba hii umbali hupimwa kwa vidole vya mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo vitatu vyangu ndivyo vipimo vya mkono wangu.

Unalaza vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, kuanzia kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, upande wa ndani, kuelekea kiwiko. Pale vinapoishia, katikati ya kano mbili, ndipo ilipo sehemu ya kwanza ya kubonyeza, iitwayo Neiguan. Ni palepale panapobanwa na ile mikanda ya mkononi ya wasafiri wanaotapika safarini. Ya pili, Shenmen, iko kwenye mkunjo wenyewe, upande wa kidole cha mwisho, kwenye kishimo kidogo. Jina lake maana yake ni mlango wa roho. Ya tatu, Yintang, iko katikati ya nyusi. Unabonyeza kwa kidole gumba, kwa uzito wa kuhisi maumivu mazito yasiyochoma, dakika moja hadi mbili, huku unavuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Nilichukua kama siku nne kupata Shenmen bila kubahatisha. Ukiipata utajua, panauma tofauti na pembeni yake.

Nikiamka saa tisa, badala ya kulala nikihesabu mabati, nilikuwa na kazi ya kufanya. Kulia, kushoto, nyusi, tena kulia. Wiki ya pili kile kifua kilichokuwa kimebanwa kikaanza kulegea, na kufikia wiki ya tatu kuna usiku nilisinzia kabla sijamaliza mkono wa pili. Usingizi ndio uliobadilika zaidi. Ile hali ya kutotaka watu haikuondolewa na kidole. Hiyo niliizungumza kwa mshauri, nikalia kwake, ikapungua taratibu. Baada ya wiki nane daktari alinisomea maswali yaleyale, nikapata 4.

Kuna jambo lililoniudhi. Kuanzia mara ya tatu, mtu wa mapokezi alinishikilia ninunue vidonge vya mitishamba vya shilingi 120,000, akidai nikivitumia sitamhitaji daktari tena. Sikununua. Kumwambia mtu mwenye sonona aache daktari ni hatari, na nilimwambia hivyo usoni. Kwa maoni yangu mara mbili zinatosha: ya kwanza ufundishwe, ya pili akusahihishe. Zile nne za mwisho nililipia raha ya kuguswa na mikono laini, na wakati ule niliihitaji, sijutii.

Mdogo wangu ana mimba ya miezi sita, na aliponiona akataka nimbonyeze. Nilimpigia simu yule dada kwanza. Akanikataza sehemu mbili kwa mjamzito: ile ya nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, na ile ya ndani ya mguu, vidole vinne juu ya kifundo. Pia usibonyeze penye kidonda, uvimbe au mshipa uliovimba, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari wake.

Bado naamka saa tisa, labda mara moja kwa wiki. Juzi niliamka, nikabonyeza, usingizi haukurudi. Nikawasha taa nikamalizia pindo la gauni la mteja wa Tabata, na asubuhi nikampelekea mwenyewe kwa miguu.