Matembezi ya kuonja chakula Lisbon: hela imeenda kihalali, ila ulizia nguruwe mapema

Kama unapita Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na una hela ya kulipia kitu kimoja tu, lipia matembezi ya chakula ya mtaa wa Mouraria. Mtaa wa Belém nenda mwenyewe, wa Baixa zunguka mwenyewe. Mouraria bila mwenyeji utaipita milango yote mizuri ukidhani ni nyumba za watu. Hiyo ndiyo hukumu yangu, na ninaitoa huku nina manung'uniko mawili makubwa. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu nikisoma maoni ya wengine naona kasoro zenyewe ziko kwenye kampuni nyingi za aina hii.

Nilichonunua ni matembezi ya miguu ya nusu siku: kikundi kidogo, mwongozaji mmoja, unatembea kidogo unakula, unatembea unakula. Euro 79, yaani zaidi ya shilingi laki mbili za kwetu Tanzania. Pesa hiyo si ya kuchezea. Lakini ukimaliza hutaki kusikia habari ya chakula mpaka kesho yake, na Lisbon ya bei chee waliyokuwa wakiisimulia waliotutangulia haipo tena.

Tulikutana Largo de São Domingos, hatua chache kutoka uwanja wa Rossio. Nampa mwongozaji wetu alama zote kwa kuanzia pale na kutoharakisha. Kanisa la São Domingos liliungua mwaka 1959, na walipolitengeneza waliacha nguzo na kuta vile moto ulivyoziacha, mawe yamemeguka na yamebadilika rangi. Nje, pale uwanjani, kuna jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa mwaka 1506 katika ghasia zilizoanzia ndani ya kanisa hilohilo. Na kuzunguka jiwe lenyewe, wanaume wa Guinea-Bissau waliovaa kanzu wamesimama wanapiga soga, kijiwe hasa. Watalii wengi wanakatiza hapo wakitazama simu zao.

Sasa manung'uniko ya kwanza. Kwenye fomu ya kuweka nafasi nilijaza wazi kabisa: sili nguruwe, sinywi pombe. Nikajibiwa kwa barua pepe kwamba hakuna shida, kila kituo kina mbadala. Kituo cha kwanza kilikuwa ginjinha, pombe tamu ya matunda ya cheri chachu, ambayo pale São Domingos inauzwa kwenye kijiduka kilichofunguliwa mwaka 1840. Ni pa kusimama tu, unapewa kikombe kidogo, unatema kokwa. Mbadala wangu: maji ya chupa. Nikasema sawa, kwa kituo cha pombe nitegemee nini. Kituo cha pili ikawa bifana. Hii ni minofu myembamba ya kitimoto iliyopikwa kwenye mchuzi wa divai na kitunguu saumu, kisha inabanwa ndani ya mkate. Mbadala wangu hapo ulikuwa mkate. Mkate uleule, wamenipakia haradali ndani, na zeituni pembeni. Wenzangu wanalamba vidole, mimi natafuna haradali ya laki mbili.

Nilipowaandikia baadaye walijibu kwa adabu na kuomba radhi, hela hawakurudisha hata senti. Kinachoniudhi ni kwamba mbadala upo tele mjini kwao. Kuna pataniscas, maandazi bapa ya samaki aina ya chewa wa bahari za baridi (cod) yaliyokaangwa. Kuna jibini ya kondoo. Kuna peixinhos da horta, maharage mabichi ya kijani yanachovywa kwenye unga uliokorogwa na kukaangwa. Ndio ujuzi ambao Wareno waliupeleka Japani karne ya 16 na Wajapani wakaugeuza kuwa tempura. Kwa hiyo usikubali jibu la "hakuna shida". Waambie wakuandikie, kituo kwa kituo, watakupa nini. Na kama unachunga halali kwa maana ya kuchinjwa, kaa kwenye samaki na mboga moja kwa moja. Nyama za mikahawa ya kawaida hazijachinjwa kwa namna yetu, na supu ya caldo verde inayoonekana ni ya sukuma tu huwekewa soseji ya nguruwe.

Kuanzia hapo mambo yakanyooka.

Tuliingia kwenye duka la bacalhau, chewa aliyetiwa chumvi na kukaushwa. Harufu inakupokea mlangoni kama gulio la ng'onda. Samaki wamepangwa wima kama mbao, wanapimwa kwa unene, na muuzaji anawakata kwa mashine ya msumeno. Samaki mwenyewe havuliwi Ureno, anatoka bahari za baridi za kaskazini, Norway na kwingineko, na kabla ya kupikwa lazima alowekwe siku moja au mbili huku ukibadilisha maji. Tulionjeshwa akiwa amepikwa kwa mafuta ya zeituni, viazi na vitunguu. Mimi mtu wa pwani niliingia na kiburi changu, nikatoka nimenunua kipande.

Kisha tukapanda Mouraria. Mfalme Afonso Henriques alipouteka mji huu kutoka kwa Waislamu mwaka 1147, Waislamu waliobaki walipangiwa kuishi huku nyuma ya kilima cha ngome. Mtaa umebaki wa watu wa kuja. Leo ukipita Rua do Benformoso unasikia Kibangla kuliko Kireno, vinyozi, maduka ya viungo, bucha za halali (kumbe zipo, hatua chache kutoka kwenye mkate wangu wa haradali). Vichochoro vya juu zaidi vina picha za wazee wa mtaa zilizochapishwa moja kwa moja ukutani, kila mzee karibu na anapoishi. Mwongozaji alikuwa akisalimia walio hai kwa majina.

Kituo kilichonifanya nisamehe yote kilikuwa mkahawa wa Kimsumbiji, ngazi nyingi juu ya barabara. Wakaleta chamuças, ambazo ni sambusa, hakuna cha kueleza. Kisha ikaja sahani ya matapa. Mwongozaji akaanza kuwafafanulia wenzangu, Wakanada na Wajerumani, kwamba haya ni majani ya mhogo yaliyotwangwa yakapikwa kwa karanga na nazi. Nikamwambia hiki ni kisamvu, kwetu Kilwa tunakila. Mpishi akachungulia kutoka jikoni, mama wa makamo, kitambaa kichwani.

"Kilwa ipi?" akauliza kwa Kiswahili.

Nikasimama. "Shikamoo mama. Kilwa Kivinje."

"Marahaba mwanangu. Mie wa Pemba." Akaniona ninavyomtazama, akacheka. "Pemba ya Cabo Delgado. Si ya kwenu ya karafuu."

Akaniongezea kisamvu na kamba wakubwa, akanipimia kwa jicho la mtu anayejua mgeni wa kwetu anakula kiasi gani. Wenzangu hawakuongezewa. Pilipili yake ilikuwa pilipili kweli, siyo ile ya kuwaogopea watalii. Nilijifunza hapo zaidi kuliko kwenye maelezo yote ya njiani: Ureno ilitawala Msumbiji hadi 1975, na watu walipohamia Lisbon walikuja na nazi zao. Ukila mji huu kwa sahani za Kireno peke yake umekula nusu.

Tulimalizia na fado kwenye chumba kidogo cha mtaani. Fado ni nyimbo za majonzi na hamu ya kilichopotea, mwimbaji mmoja na gitaa mbili, moja ni gitaa ya Kireno yenye nyuzi 12. Taa zinapunguzwa, hakuna anayezungumza wala kugonga kijiko. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2011. Mouraria wanajivuna kwamba hapa ndipo alipoishi Maria Severa, aliyefariki mwaka 1846 akiwa bado binti wa miaka ishirini na kitu na anahesabiwa nyota wa kwanza wa fado. Na Mariza, mwimbaji mkubwa wa siku hizi, alizaliwa Maputo ilipokuwa bado Lourenço Marques, akalelewa kwenye vichochoro hivihivi. Sikuelewa neno na nilikaa kimya kama mtu aliye msibani. Fado ya mtaani ilikuwa nzuri kuliko ya kwenye mikahawa ya chakula cha jioni, ambako unalipishwa sahani ili usikie wimbo.

Manung'uniko ya pili hayahusu tumbo. Njia nzima tulisikia habari za "ugunduzi" na viungo: mdalasini kwenye keki, pilipili manga, sukari. Nani alilima, nani alinyang'anywa, kimya. Nilipouliza, dada mwongozaji alijibu kwa uungwana na kwa ujuzi, lakini alikiri kwamba haimo kwenye ratiba waliyopewa. Basi nikatembea mwenyewe. Kuna barabara inaitwa Rua do Poço dos Negros, jina linatokana na shimo ambalo mfalme Manuel wa Ureno aliagiza lichimbwe mwaka 1515 la kutupia maiti za watumwa Waafrika. Leo ni mikahawa ya kahawa na maduka ya nguo za mitumba ya bei mbaya.

Ukizidi kwenda magharibi kwa miguu unafika Rua das Janelas Verdes, kwenye jumba la makumbusho la sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga. Kama unatoka pwani ya kusini ya Tanzania, hapa ndipo pa kwenda kabla ya Belém. Ndani ya kioo kuna chombo cha kanisani cha dhahabu kinachoitwa Custódia de Belém. Ni kazi ya mikono ya ajabu: mitume 12 wadogo wamepiga magoti katikati, kila mmoja na uso wake, na chini kwenye kitako kuna ndege, maua na konokono wa rangi. Inama utazame ukingo wa kitako. Kuna maandishi yanayozunguka, na ukiyafuata polepole unalikuta neno Kilwa, limeandikwa kwa Kireno cha kale. Maandishi yanasema mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikakamilika mwaka 1506. Mwaka uleule wa mauaji ya São Domingos.

Vasco da Gama alifika Kilwa katika safari yake ya pili, mwaka 1502, akamlazimisha mtawala wetu alipe dhahabu, ile iliyokuwa ikija kutoka Sofala, pwani ya Msumbiji. Miaka mitatu baadaye Francisco de Almeida akaja na kuuteka mji. Shuleni tulisoma hayo kwa mistari miwili. Hapa yamekaa kwenye kioo na taa juu yake. Nilisimama muda mrefu hadi mlinzi akaja kuangalia kama nina shida. Nikamwonyesha lile neno, nikamwambia ndiko kwetu. Akasoma, akanitazama, akasema kwa Kiingereza kwamba amefanya kazi pale miaka na hakuwahi kuuliza Kilwa hiyo iko wapi. Nikamwonyesha kwenye ramani ya simu.

Belém yenyewe nitaipitia haraka. Monasteri ya Jerónimos ni nzuri ajabu na ilijengwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa biashara ya viungo. Vasco da Gama amezikwa hapo kanisani, karibu na mlango. Vitobosha vya krimu ya mayai vya Pastéis de Belém vinaokwa tangu 1837, vinanyunyiziwa mdalasini na sukari, na foleni ya nje ni ya wanaobeba. Ukitaka kuketi, pita ndani, vyumba ni vingi. Ni vitamu? Ni vitamu. Vya mjini navyo ni vitamu na havina foleni.

Mambo ya kukusaidia. Ukikaa mkahawani wataleta mkate, siagi na zeituni bila kuagiza. Si za bure. Kama huzitaki waambie waondoe, usipozigusa hulipi. Uliza nusu sahani, meia dose, maana sahani nzima wanakula wawili. Kwenye tramu namba 28 shika pochi mbele. Viatu viwe vya soli ya mpira, yale mawe meupe ya barabarani yakilowa yanateleza hatari, na Mouraria ni ngazi tupu. Mwenye magoti mabovu achague matembezi ya bondeni. Jumba la makumbusho hufungwa Jumatatu.

Kampuni nimeipa nyota nne. Ile moja niliyoizuia ni ya fomu wanayoitumia watu kujaza na wao hawaisomi. Weka nafasi siku ya kazi, siyo Jumapili, maduka mengi madogo hufungwa, na njoo na njaa.