Niliuziwa kama katuni ya watoto: uzoefu wangu na South Park: Bigger, Longer & Uncut

Januari 2007, Morogoro, niko likizo. Nilipita kwenye kibanda cha CD karibu na stendi kutafuta kitu cha kuwatuliza wadogo zangu wawili, muuzaji akanichomolea DVD yenye vitoto vinne vya mviringo vimevaa makofia ya baridi. "Chukua hii, katuni nzuri, watoto watacheka." Kumbe ilikuwa South Park, filamu ya katuni ya watu wazima iliyotokana na kipindi cha televisheni cha Marekani. Kucheka tulicheka, ila kwanza nilitokwa jasho.

Ubaya wake ni kwamba inaanza kwa upole. Theluji inaanguka, mji mdogo wa milimani, mtoto anatoka nyumbani anaimba barabarani, majirani wanaitikia, vinanda vimepangwa kama kwenye zile katuni za mabinti wa kifalme. Mama alikuwa uani, akasema kwa sauti, "Leo umeleta kitu cha maana." Haikupita muda wale watoto wanne wakaingia sinema kutazama filamu ya wachekeshaji wawili wa Kanada, Terrance na Phillip, ambao kazi yao duniani ni kujamba na kutukana. Matusi ya nguoni yakaanza kumwagika, tena yakiimbwa, tena kwa kibwagizo. Kiingereza cha wadogo zangu kilikuwa cha darasa la tano na la saba, lakini tusi ni somo ambalo mtoto hafundishwi mara mbili.

"Nendeni mkachote maji."

"Tumeshachota, kaka."

"Mkachote tena."

Nikabaki na deki peke yangu, nikapunguza sauti, nikasema ngoja niangalie dakika tano nijue nimeuziwa nini. Nikaimaliza yote, dakika 81. Tangu hapo nimeirudia labda mara nane, ya mwisho wiki iliyopita kwenye simu, safari hii nikiwa nimeilipia kihalali. Naona sasa nina haki ya kuisema.

Kisa chenyewe ni hiki. Watoto wanatoka sinema wakiwa wamejaza midomo maneno mapya na kuyapeleka shuleni. Mmoja wao, Kenny, anaamini kwamba ushuzi unaweza kuwashwa kwa moto kama alivyoona kwenye filamu, anajaribu, anaungua, hospitali inamwekea kiazi cha kuoka mahali pa moyo, anakufa na kushuka jehanamu. Kina mama wa mji wanakaa kikao. Wakiongozwa na mama yake Kyle, mwingine kati ya wale wanne, wanajiuliza watoto wameharibiwa na nani, na jibu wanalolipata ni Kanada, nchi nzima. Ni kama sisi tuamke kesho tuseme watoto wetu wanatukana kwa sababu ya Zambia, na watu wazima wenye vyeo vyao waitikie kwa makofi. Malalamiko ya kikao yanageuka kampeni, kampeni inageuka vita kamili ya Marekani na Kanada, na wale wachekeshaji wawili wanahukumiwa kifo.

Sasa nyimbo, maana humo ndimo utamu ulimo. Nimeimba besi kwenye kwaya miaka sita, kwa hiyo sauti zikipangwa ovyo huwa nasikia. Hizi hazikupangwa ovyo. Zilitungwa na Trey Parker, aliyeongoza filamu, pamoja na Marc Shaiman, mtunzi mzoefu wa muziki wa filamu, na hakuna hata mmoja uliowekwa ili kujaza muda. Kila wimbo unasukuma kisa mbele: ukienda chooni wakati wanaimba, ukirudi utakuta vita imeshatangazwa. Katikati kuna mahali nyimbo ulizokwisha kuzisikia zinarudi kwa pamoja, watoto na wimbo wao wa mapambano, kina mama na wao, kuzimu nako kunaitikia, moja imepanda juu ya nyingine na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Kulipanga jambo lile ni kazi ya siku nyingi, na waliipangia maneno ambayo huwezi kuyasema mbele ya mkwe.

Anayejua taarabu ataelewa haraka. Tusi likitoka kavu mtu hukunja ngumi. Likitoka na fidla na kibwagizo, hata anayepashwa anajikuta anatikisa kichwa. Hawa jamaa wamefanya mpasho wa saa nzima na ushee, ila wao hawafichi kwa mafumbo, wanasema wazi na kuuachia muziki kazi ya kustahi.

Huo muziki ndio uliomleta Mama ndani. Nilikuwa nimesahau sauti imepanda. Akauliza kutoka mlangoni, "Kwaya gani hiyo?" Akaingia na ungo wake wa maharage, akakaa kwenye mkeka. Kwenye skrini lilikuwepo jitu jekundu lenye mapembe, lina misuli kama la kwenye mieleka, linaimba kwamba limechoka na giza la kuzimu, linatamani kuishi huko juu kwenye mwanga wa jua kama watu wengine.

"Huyu si Shetani huyu?"

"Ndiye, Mama."

"Mbona analia?"

Nikakosa jibu la haraka. Nikasema ana mwenzake anayemnyanyasa. Ndani ya filamu huyo mwenzake ni mpenzi wake wa kiume, lakini hilo sikuliingiza kwenye maelezo. Kidogo mwenzake akatokea: Saddam Hussein, kichwa cha picha halisi kimebandikwa juu ya kiwiliwili cha katuni, mdomo unafunguka na kufumba kama mfuniko. Kumbuka hiyo ni Januari 2007. Saddam alikuwa amenyongwa tarehe 30 Desemba, redio ilikuwa haijamaliza kumzungumza. Mama akamtazama kwa muda, mkono umesimama katikati ya maharage.

"Kumbe ndiko alikofikia."

Nilicheka mpaka nikashindwa kumweleza kwamba filamu ni ya mwaka 1999, kwamba ilipotengenezwa mtu huyo alikuwa hai, yuko Baghdad anatawala. Walimtanguliza jehanamu miaka saba kabla ya kitanzi. Baadaye kidogo Saddam anaimba wimbo wa kubembeleza, anaapa atabadilika, asiachwe. Mama hajui Kiingereza. Aliangalia mikono ya yule mtu inavyocheza, akarudi kwenye maharage yake. "Aondoke tu. Mwanamume wa hivyo habadiliki."

Ndiyo maana huwa nawabishia wanaosema filamu hii ni matusi matupu. Mama hakusikia tusi hata moja, yote yalimpita, na bado akamhurumia Shetani mwenyewe. Jaribuni kuliandika hilo muone kama ni rahisi. Katikati ya upuuzi wote, mtu pekee mwenye moyo ni mwenye pembe, na wanaotisha ni wazazi wema wenye nia njema. Kina mama wanakwenda vitani kwa ajili ya watoto wao, na wanapokuwa huko hakuna anayejua watoto wenyewe wako wapi. Cartman, mtoto mnene mwenye mdomo mchafu kuliko wote, anapachikwa kijidude kichwani kinachompiga shoti kila akitukana. Nilidhani wamekitunga hewani. Kumbe Marekani ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1996 ya kulazimisha televisheni mpya ziwekewe kifaa cha kuzuia vipindi visivyofaa watoto. Wao walichofanya ni kukihamisha kifaa kutoka kwenye televisheni kukiweka kwenye fuvu.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Parker na mwenzake Matt Stone walikutana Chuo Kikuu cha Colorado, na mji wao wa kubuni wameuweka jimbo hilohilo. Tarehe 20 Aprili 1999, katika jimbo hilo, wanafunzi wawili waliwapiga risasi wenzao katika shule ya Columbine, na Marekani nzima ikaanza kutafuta wa kumlaumu: muziki, michezo ya kompyuta, filamu. Filamu hii ikaingia kwenye majumba ya sinema tarehe 30 Juni. Walikuwa wakiitengeneza kabla ya msiba ule, lakini ukiiangalia leo unaona kama walikaa kwenye kile kikao cha wazazi wakiandika muhtasari.

Bodi inayopanga madaraja ya filamu huko iliwarudisha mara kadhaa. Jina la kwanza likakataliwa kwa sababu lilikuwa na neno jehanamu. Wakaleta hili la sasa, ambalo ukilisoma kwa haraka ni tangazo tu kwamba filamu ni kubwa na ndefu kuliko kipindi cha televisheni na haikukatwa. Lisome tena taratibu ukimfikiria mwanamume asiyetahiriwa. Likapita. Hapo mswahili lazima uvue kofia, hata kama humpendi mtu, fumbo zuri ni fumbo zuri. Kitabu cha Guinness kiliihesabia maneno machafu 399, kwa hiyo bodi nayo tusiionee sana.

Wimbo wa kina mama, "Blame Canada", ulifika mpaka kwenye tuzo za Oscar za Machi 2000. Sauti iliyouongoza kwenye filamu ni ya Mary Kay Bergman, aliyebeba karibu wanawake wote wa mji ule. Huyo huyo ndiye Disney walikuwa wakimtumia kama sauti rasmi ya Snow White. Alifariki Novemba 1999, hakuiona siku ile, na jukwaani wimbo ukaimbwa na mchekeshaji Robin Williams akiwa na kundi zima la wachezaji; lilipofika lile neno lisilosemeka kwenye televisheni, kwaya ikavuta pumzi kwa mshtuko badala ya kulitaja. Hawakushinda. Parker na Stone walihudhuria wamevaa magauni ya kike yaliyonakiliwa kutoka kwa Jennifer Lopez na Gwyneth Paltrow. Picha zipo, usiziangalie ukiwa unakula.

Yasiyonifurahisha yapo. Kuna vichekesho vya watu mashuhuri wa Marekani wa miaka ile ambavyo vimeshachacha, unamwona mtu anapigwa kijembe na humjui ni nani. Wanawake wengi ni wa kupiga kelele tu. Halafu kuna ile sehemu ambapo jenerali anawapanga askari weusi mstari wa mbele ili wawe ngao ya weupe, na anaieleza mipango yake kwa ramani kabisa, bila aibu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu nilikuwa tayari nimehamia Dar, naiangalia chumbani Kariakoo, eneo lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita vya Waingereza na Wajerumani. Kicheko kikakwama. Sisemi sehemu ile ni mbaya, nadhani ndiyo yenye ukweli kuliko zote, hasa namna mpishi wa shule, Chef, anavyowaambia wenzake wainame na risasi zikawafuate walio nyuma. Nasema tu siku hizi huwa naiangalia kimya.

Na kwa kuwa nimefika huko: Parker na Stone hao hao baadaye walishirikiana na Robert Lopez kutengeneza mchezo wa muziki wa jukwaani kuhusu wamisionari wanaopelekwa Uganda, ukaanza Broadway, kwenye majumba ya maonyesho ya New York, mwaka 2011 na kuzoa tuzo tisa za Tony, zile za michezo ya jukwaani. Nimesikiliza nyimbo zake. Kuna mmoja unaoicheka ile biashara ya "hakuna matata", wanakijiji wanaimba msemo unaodaiwa kuwa wa Kiafrika, na maneno yenyewe hayatoki kwenye lugha yoyote, wameyaunda tu. Kwenye South Park waliowachora ni majirani zao wenyewe, wanawajua mpaka koti wanalovaa. Kwa Uganda walibahatisha, na inasikika.

Swali ninaloulizwa sana: je, ipo ya kutafsiriwa? Tunao madijei wanaotafsiri filamu za kila aina, lakini hii naona itawashinda. Nilijaribu mwenyewe kumtafsiria rafiki yangu wimbo anaoimbiwa mama yake Kyle. Tusi la Kiingereza ni silabi moja, linakaa kwenye pigo moja la ngoma. La kwetu linataka lianze na mzazi, liende kwenye kiungo, limalizie na umilikishi, na likifika mwisho ngoma imeshapita vituo viwili. Tuliishia kucheka tafsiri badala ya filamu. Washa maandishi ya Kiingereza chini, vaa vya masikioni, na usithubutu kuiangalia kwenye basi la mkoani ukiwa umekaa na mtu mzima.

Kama matusi yanakukera kweli, au kumwona Shetani akionewa huruma kunagusa imani yako, hii si yako, na sitakubishia. Wengine: nane na nusu kwa kumi. Moja na nusu nimeikata kwa vile vichekesho vilivyochacha.

Wiki iliyopita, nilipomaliza kuirudia, nikampigia Mama kumsalimia na nikamtajia. Sikutegemea angekumbuka.

"Ile ya yule mwenye mapembe?"

"Hiyo hiyo."

"Niliondoka kwenda kukaanga vitumbua siku ile, sikuona mwisho. Alimwacha?"

"Alimsukuma shimoni, Mama."

"Afadhali," akasema, kisha akaniuliza kama nimekula.