Uzoefu wangu na upasuaji wa slivu: hospitali, unga wa protini, vitamini na vifaa vya nyumbani

Slivu ni upasuaji wa kupunguza uzito kwa kukata tumbo la chakula kwa urefu na kuondoa kama robo tatu yake au zaidi kidogo, kinabaki kimrija chembamba. Haunyonyi mafuta wala haugusi utumbo. Sehemu inayotolewa ndiyo inayozalisha kwa wingi homoni ya njaa, na ndiyo sababu miezi ya mwanzo mtu anaweza kusahau kula. Nilifanyiwa katika hospitali binafsi ambayo sitaitaja. Kazi ya chumba cha upasuaji naipa alama zote. Maandalizi na ufuatiliaji naupa nusu, na huko ndiko pesa ya mgonjwa inakoponea au kupotea. Tathmini hii inahusu huko.

Kabla ya kulipa

Miongozo ya kimataifa ya 2022 inapendekeza upasuaji kwa mwenye BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 35 na kuendelea hata kama hana ugonjwa mwingine, na kuufikiria kwa mwenye 30 hadi 34.9 aliye na kisukari au maradhi kama hayo. Ule mpaka wa 40, au 35 ukiwa na ugonjwa, ni wa 1991. Ukiambiwa habari za 40 tu, jua unasomewa mwongozo wa zamani.

Swali la kwanza kwa hospitali: je, mtanipima tumbo kwa kamera kabla? Wakisema hakuna haja, tafuta kwingine. Slivu hugeuza tumbo kuwa mrija wenye shinikizo kubwa, kwa hiyo kiungulia kilichokuwepo huzidi, na asiyekuwa nacho anaweza kukipata. Mwenye kiungulia kikali au ngiri kubwa ya kwenye kiwambo mara nyingi hufaa zaidi baipasi, upasuaji unaounganisha kifuko kidogo cha tumbo na utumbo moja kwa moja. Kamera hiyo pia hutafuta vidonda na bakteria wa H. pylori, ambao kwetu Afrika Mashariki ni wengi mno. Ukitibiwa, hakikisha umepimwa tena kuona kama wameisha, ila kipimo cha choo kitakudanganya ukiwa bado unatumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Iache wiki 2 kabla ya kipimo, na antibayotiki ziwe zimepita wiki 4.

Wanaoogopa kisu huulizia puto linalowekwa ndani ya tumbo la chakula ili mtu ashibe mapema, na hata Muhimbili Mloganzila wanaliweka. Ni la muda, miezi 6 au 12 kutegemea aina. La maji huwekewa rangi ya buluu makusudi: mkojo ukigeuka buluu au kijani, limevuja, nenda hospitali siku hiyo hiyo kabla halijateremka na kuziba utumbo. Kwa mwenye kilo nyingi za kupunguza, mimi naliona ni daraja tu.

Sigara na shisha ziachwe angalau wiki 6 kabla. Shisha watu huisahau kwa sababu haihesabiki kama sigara, lakini jeraha la ndani linalonyimwa hewa na moshi halijali moshi umetoka wapi. Anayekoroma na kukata pumzi usingizini apimwe mapema, na kama ana mashine ya kupumulia aende nayo wodini. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni kwa kawaida husimamishwa kama mwezi mmoja kabla, kwa sababu huongeza hatari ya damu kuganda; panga njia nyingine na daktari wako. Anayechoma semaglutide, sindano ya kisukari na kupunguza uzito, amwambie daktari wa usingizi: chakula hukaa tumboni muda mrefu kuliko kawaida na kinaweza kupanda wakati umelazwa usingizi.

Wiki 2 za ini

Hapa ndipo wengi hulegea, kwa sababu hawaelezwi sababu. Upande wa kushoto wa ini hulala juu ya tumbo, na daktari hulazimika kuliinua muda wote ili aone anachokata. Ini la mtu mwenye uzito mkubwa huwa limejaa mafuta, ni zito na huvuja damu likiguswa. Likigoma kuinuka, upasuaji unaweza kuahirishwa mgonjwa akiwa tayari mezani. Chakula cha kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, wanga usizidi gramu 100, hulipunguza kwa wiki mbili tu. Wenye uzito mkubwa zaidi hupewa hadi wiki nne.

Kwa vyakula vyetu ni hivi: mayai, samaki wa kuchemsha, kuku bila ngozi, mtindi usio na sukari, mchicha, kabichi, matango, supu iliyoenguliwa mafuta. Ugali, wali, chapati, viazi, ndizi na juisi, hata ya miwa, vikae kando. Zile sherehe za kuagana na chakula wiki ya mwisho ndizo zinazoliharibu ini.

Onyo kwa mwenye kisukari: ukianza chakula hiki ukiwa na dozi yako ileile ya insulini, glibenclamide au gliclazide, sukari inaweza kushuka hadi uzimie. Dozi hupunguzwa na daktari siku ileile unayoanza. Vidonge vya jamii ya dapagliflozin na empagliflozin navyo husimamishwa siku 3 au 4 kabla ya upasuaji. Dawa za presha, hasa za kukojosha, ziangaliwe upya. Hospitali yangu ilinikabidhi karatasi ya chakula bila neno hata moja kuhusu dawa. Hilo peke yake limewapunguzia alama nyingi.

Siku za mwanzo nyumbani

Maumivu ya bega siku ya pili na ya tatu huwatisha watu. Mara nyingi ni gesi waliyojaza tumboni ili kamera ipate nafasi, kutembea huiondoa. Kinachotakiwa kutisha ni mapigo ya moyo. Mshono ukivuja, na hutokea kwa takriban mtu 1 kati ya 100, moyo hutangulia kusema kabla ya homa na kabla ya maumivu makali. Mapigo yakizidi 120 kwa dakika umekaa umetulia, au pumzi ikiwa ya juu juu, au homa ikipita 38, usingoje asubuhi. Sehemu inayovuja mara nyingi huwa juu kabisa, karibu na koo la chakula linapoingia tumboni, na inaweza kuvuja hata wiki kadhaa baada ya kuruhusiwa.

Kwa sababu hiyo, kifaa ninachokisifu kuliko vyote ni kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni kinachoonyesha mapigo na oksijeni. Pima asubuhi, mchana na usiku, uandike. Rangi ya kucha na mikono ya baridi huvuruga usomaji, kwa hiyo futa rangi na upashe vidole joto kwanza.

Sindano za kuzuia damu kuganda huchomwa ubavuni mwa tumbo, mbali na kitovu na matundu ya upasuaji. Kile kipovu cha hewa ndani ya bomba la dozi kamili usikitoe, na usisugue baada ya kuchoma, utapata alama nyeusi. Kutembea kuanze siku ileile ya upasuaji, na nyumbani iwe kila saa unapokuwa macho. Usinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa wiki 4 hadi 6: ndoo ya maji ya lita 20 ni marufuku, na mtoto naye abebwe na mwingine.

Mkanda wa tumbo niliuzwa pamoja na kifurushi. Kwa matundu ya kamera hauna kazi, unabana na kusukuma kiungulia juu. Msinunue.

Maji kwanza, protini pili

Kinachowarudisha wengi wodini ni upungufu wa maji. Lengo ni lita 1.5 kwa siku, lakini tumbo jipya halipokei glasi. Tumia kile kikombe kidogo cha plastiki cha mililita 30 kinachokuja na dawa ya maji ya kikohozi. Ukimaliza kimoja kila robo saa, hiyo ni mililita 120 kwa saa, na saa 13 za kuwa macho zinakufikisha. Mkojo mweusi na kizunguzungu ukisimama maana yake umebaki nyuma. Madafu yanafaa kwa kiasi, soda hapana hata ile isiyo na sukari, kwa sababu ya gesi.

Wiki 2 za kwanza ni vimiminika tu: supu iliyochujwa, maziwa, mtindi wa kunywa, unga wa protini. Wiki ya 3 na ya 4, vilivyosagwa hadi viwe kama uji mzito usio na mabonge. Ya 5 na ya 6, vilaini: samaki, yai la kuvuruga, maharage yaliyoiva sana. Kisha chakula cha kawaida kidogo kidogo. Baadhi ya hospitali huenda haraka kuliko hapa. Fuata ya kwako.

Mtego wetu ni uji na mtori. Vinapita vizuri, vinashibisha, na ndani yake ni wanga karibu mtupu. Unahitaji protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Ukizikosa unapunguza misuli ukidhani unapunguza mafuta. Hesabu yenyewe: maziwa mililita 250 yana gramu 8 hivi, yai moja 6, samaki aliyeiva gramu 30 ana kama 7. Dagaa wakavu waliosagwa unga, waliotolewa mchanga na vichwa, ndiyo protini nafuu kuliko zote sokoni: kijiko kikubwa kina kama gramu 6, na huingia kwenye supu kuanzia wiki ya vilivyosagwa.

Katika unga wa kopo, chagua uliochujwa zaidi, ulioandikwa "isolate", hata kama ni ghali. Ule wa kawaida una sukari ya maziwa, na wengi wetu matumbo yetu hayaipokei. Kuharisha wiki ya kwanza ni kupoteza maji usiyokuwa nayo. Soma nyuma ya kopo: kipimo cha gramu 30 kitoe protini 23 au zaidi. Kikitoa 12, umenunua sukari. Usiumimine kwenye maji yanayochemka, utaganda mabonge. Koroga kwanza na maji baridi, kisha ongeza ya vuguvugu. Ladha ya vanila huchosha mapema, na ile isiyo na ladha huingia hata kwenye supu.

Ukianza kula vigumu: kijiko cha chai, tafuna hadi kilainike kabisa, dakika 20 kwa mlo, na usinywe hadi nusu saa ipite. Ugali, chapati, wali mkavu na nyama choma ndivyo vinavyokwama. Dalili ni kifua kubana, mate mengi yenye povu, halafu kutapika. Usisukume kwa maji, yatarudi yote. Kutapika kunakoendelea siku mbili tatu si jambo la kuvumilia: vitamini B1 huisha mwilini upesi, na upungufu wake hugusa ubongo, macho hucheza na miguu hupepesuka. Hapo B1 hutangulia kabla ya dripu ya glukosi. Mwambie daktari wa zamu kwamba umepasuliwa tumbo.

Duka la dawa

Diclofenac, ibuprofen na aspirini, ambazo kwetu huuzwa kama karanga, huchimba vidonda kwenye mshono. Paracetamol inatosha. Kidonge kikubwa kinaweza kusagwa, isipokuwa vile vya kuachia dawa taratibu, kama nifedipine ya presha au metformin ya kisukari za aina hiyo. Ukisaga unameza dozi ya siku nzima kwa mkupuo, kwa hiyo omba ubadilishiwe. Omeprazole huendelea kwa kawaida miezi 3. Ulizia pia ursodeoxycholic acid, dawa ya kuzuia mawe ya nyongo, kwa miezi 6, maana kupungua haraka hutengeneza mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Vitamini za peremende za kutafuna nimezitoa kwenye orodha: nyingi hazina chuma na B1 ni kidogo au haipo. Unachotafuta ni vidonge vya aina mchanganyiko vyenye B1 angalau miligramu 12, chuma miligramu 18, au 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi, B12 mikrogramu 350 hadi 1,000 kwa siku au sindano ya 1,000 kila mwezi, na vitamini D yuniti 3,000. Kalsiamu ni miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ikigawanywa isizidi 600 kwa mara moja. Iliyojaa madukani ni kabonati, inayohitaji asidi ya tumbo, na asidi yenyewe umeizima kwa omeprazole. Tafuta sitrati, ukikosa basi meza kabonati pamoja na chakula. Kalsiamu na chuma viachane saa 2, na chuma kisikutane na chai wala kahawa. Maji ya limau ndiyo rafiki yake.

Nywele hukatika mwezi wa 3 hadi wa 6. Hurudi zenyewe kama protini na chuma vipo, kwa hiyo mafuta ya nywele ya bei mbaya ni hasara. Mizani husimama karibu wiki ya tatu kwa wengi, na ni maji tu yanarudi mwilini. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na uzazi wa mpango uwe wa uhakika, kwa maana uzito ukishuka hata aliyekuwa hashiki mimba hushika.

Wanaokwenda India au Uturuki kwa bei nafuu wadai ripoti ya upasuaji mkononi kabla ya kupanda ndege: aina ya upasuaji, ukubwa wa mrija uliotumika kupimia tumbo jipya, pini zilizotumika, na kama ngiri ilirekebishwa. Daktari wa hapa atakayekupokea usiku wa manane hawezi kukisia.

Damu ipimwe mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka maisha yote: picha kamili ya damu, feritini (akiba ya chuma), B12, foleti (vitamini B9), vitamini D, kalsiamu na homoni ya paradundumio inayoisimamia, albumini (protini ya damu), figo na ini. Katika kifurushi nilicholipia hakikuwamo hata kimoja, na B12 na vitamini D ndivyo vya bei ya juu. Dai viandikwe kwenye mkataba kabla hujalipa.