Filamu za Kihindi Zilizozaliwa na Filamu Nyingine: Ipi Ununue Kwanza

Mtu anayetaka kununua filamu ya Kihindi kwa fedha zake, iwe ni diski halisi yenye jalada au nakala ya kulipia kwenye intaneti, mara nyingi huambiwa kwamba hii imeigwa kutoka Hollywood, ile imechukuliwa kutoka kusini mwa India, na nyingine ni marudio ya picha ya zamani ya Bombay. Maneno hayo huwa ya kweli, lakini hayamsaidii kuchagua. Sinema ya Kihindi imeazima visa tangu utoto wake, nasi tuliokua tukisikia taarabu zinazoimbwa kwa lahani za filamu za Kihindi tunajua kwamba kilichoazimwa huweza kupata makazi mapya hadi kikaitwa cha nyumbani. Swali la kuuliza kabla ya kulipa ni hili: kisa hicho kilipofika India kilipewa watu wake, chakula chake, madeni yake na misiba yake, au kilibadilishwa nguo tu? Kwa kipimo hicho nimezipanga filamu zinazofuata, kuanzia ile ambayo ningemshauri kila mtu ainunue hadi ile ambayo ningemwomba asiilipie.

Kabla ya kufika huko, soma jalada kwa makini. Majina ya filamu hizi hurudiwa pamoja na visa vyake: Don ipo ya 1978 na ya 2006, Agneepath ipo ya 1990 na ya 2012, na Devdas za Kihindi peke yake ni zaidi ya moja. Mnunuzi anayetaja jina tu hupewa ile iliyo karibu na mkono wa muuzaji, kwa hiyo taja mwaka na jina la mwongozaji. Kisha tazama urefu. Filamu ndefu hukatwa ili zienee kwenye diski moja, na kinachokatwa kwanza ni nyimbo, jambo ambalo ni hasara kubwa kwa sababu katika sinema ya Kihindi wimbo husukuma kisa mbele. Usiogope, hata hivyo, ukiona pengo dogo: diski za PAL, mmojawapo wa mifumo ya televisheni, huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema, kwa hiyo filamu ya dakika 198 huisha katika dakika 190 hivi bila kukatwa chochote. Pengo la nusu saa ndilo la kulikataa.

Nafasi ya kwanza naipa Sholay, iliyoongozwa na Ramesh Sippy na kuandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar, ikaanza kuonyeshwa tarehe 15 Agosti 1975. Hakuna filamu ya Kihindi iliyoazima kwa wingi kama hii na bado ikabaki mali yake yenyewe. Wazo la wanakijiji kutafuta wapiganaji wa kuwalinda dhidi ya majambazi linatoka kwa mwongozaji Mjapani Akira Kurosawa, katika Seven Samurai ya 1954, ambayo Wamarekani walikuwa wameshaigeuza kuwa The Magnificent Seven mwaka 1960. Lakini mkopo ulio karibu zaidi ni wa hapo hapo Bombay. Mwaka 1971 Raj Khosla alitoa Mera Gaon Mera Desh, ambamo Dharmendra ni mwizi anayepelekwa kijijini na kupambana na jambazi aitwaye Jabbar Singh. Katika filamu hiyo Jayant anacheza mwanajeshi mstaafu mwenye mkono mmoja. Miaka minne baadaye, katika Sholay, Dharmendra ni mwizi tena, jambazi ni Gabbar Singh, na mlinzi wa kijiji, Thakur, amekatwa mikono yote miwili. Na anayemcheza Gabbar ni Amjad Khan, mtoto wa kumzaa wa yule yule Jayant.

Ili uone ukopaji uliofanywa kwa akili, tazama mauaji ya familia ya Thakur, kisha tazama mauaji ya familia shambani katika Once Upon a Time in the West ya Sergio Leone ya 1968. Mpangilio ni mmoja: nyumba yenye utulivu, risasi zinazotoka mahali pasipoonekana, mtoto anayebaki peke yake mbele ya muuaji, na mlio wa bunduki unaogeuka kuwa sauti ya treni. Leone anapofika hapo anaendelea na safari yake. Sippy anamteremsha Thakur kwenye treni hiyo akiwa anarudi kwake kwa furaha, anamfikisha uani palipolazwa maiti zilizofunikwa shuka nyeupe, na upepo unazifunua moja baada ya nyingine huku bembea ikilia. Muuaji wa Leone alikuja kwa sababu ya ardhi na reli. Gabbar amekuja kulipa kisasi kwa ofisa wa polisi aliyemtia mbaroni, na anachokiua ni ukoo mzima, kuanzia watoto wa kiume hadi mjukuu, ambao kwa mtu kama Thakur ndio maisha yenyewe. Anayebaki ni mkwe mjane katika sari nyeupe, na ukimya wake unatawala filamu yote hadi mwisho. Hakuna kitu cha namna hiyo kwa Leone wala kwa Kurosawa.

Sholay ina miisho miwili, na hapa mnunuzi awe macho. Katika mwisho wa awali Thakur anamuua Gabbar kwa miguu yake. Bodi ya udhibiti, katika mwaka ambao India ilikuwa chini ya hali ya hatari, haikukubali kwamba ofisa wa zamani wa polisi achukue sheria mikononi mwake, na mwisho ukapigwa upya ili polisi wawahi kumzuia. Toleo lililoonyeshwa lilikuwa la dakika 198 na lile lenye mwisho wa awali ni la dakika 204. Nunua lile refu kama unaweza kulipata, kwa sababu filamu nzima inaelekea kwenye miguu ile. Mimi niliwahi kuuziwa diski iliyoandikwa nje kwamba ni kamili, nikaifungua mbele ya wageni niliowaalika kwa ajili yake, na ikaishia kabla Jai, mwizi mwenzake Dharmendra, hajafa. Ile sarafu aliyokuwa akiirusha kuamua mambo haikuonekana tena. Tangu siku hiyo sinunui Sholay bila kuomba niwekewe dakika kumi za mwisho pale pale dukani.

Nafasi ya pili ni Angoor ya Gulzar, ya 1982, na ni ya kununuliwa na kila nyumba yenye watu wa umri mbalimbali. Kisa ni The Comedy of Errors ya Shakespeare: mapacha wawili wenye jina moja, watumishi wawili nao mapacha wenye jina moja, na mji mmoja usiojua kwamba wako wanne. Gulzar alikuwa amekwisha kukiandika kisa hiki katika Do Dooni Chaar ya 1968, ambayo haikufua dafu, na nafikiri kule kushindwa ndiko kulikomfundisha. Safari hii hakuficha deni. Sura ya Shakespeare mwenyewe imo ndani ya filamu. Sanjeev Kumar anacheza akina Ashok wawili na Deven Verma akina Bahadur wawili, bila ndevu za bandia wala mavazi ya kuwatofautisha, nasi tunawajua kwa namna wanavyonyanyua nyusi. Ashok mgeni amesoma riwaya za upelelezi hadi zimemwingia kichwani, kwa hiyo kila mkarimu anayemkaribisha ndani anamwona ni mwanachama wa genge linalotaka fedha zake. Akiwa amefungiwa katika nyumba ya watu wanaomwita mume na shemeji, anamwagiza Bahadur achanganye bangi kwenye unga wa bajia ili wenyeji wapitiwe na usingizi, nao wapate upenyo wa kutoroka. Shakespeare hakuandika bajia, lakini mtu aliyewahi kukaa jikoni jioni, mafuta yakichemka na watu wakisubiri sahani, ataona kwamba tamthilia ile ilikuwa inaisubiri karai hiyo. Hakikisha tu kwamba diski ina manukuu mazuri, kwa maana nusu ya kicheko imo katika maneno.

Mother India ya 1957 naiweka ya tatu, na wapo watakaonilaumu kwamba ilistahili kutangulia. Mehboob Khan alijirudia mwenyewe: mwaka 1940 alikuwa ametoa Aurat, kisa kile kile cha mama anayelea watoto katika njaa, deni na mafuriko, na hatimaye kumuua mwanawe aliyegeuka jambazi. Kanhaiyalal, aliyekuwa mkopeshaji Sukhilala katika ile ya kwanza, alirudi kucheza Sukhilala yule yule miaka 17 baadaye, na ukizitazama zote mbili utamwona mtu anayekula riba akizeeka huku daftari lake la madeni halizeeki. Kilichobadilika ni nchi. Mwaka 1940 India ilikuwa koloni; mwaka 1957 ilikuwa huru, na mwigizaji Nargis anayevuta jembe matopeni amebeba matumaini ya taifa zima mabegani. Filamu hii iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Ni ya rangi, na rangi zake ni za kununuliwa katika nakala iliyosafishwa, kwa kuwa nakala chovu hugeuza mashamba yote kuwa kahawia.

Devdas inatoka katika riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay ya 1917, na mnunuzi hukabiliwa na uchaguzi kati ya ile ya Bimal Roy ya 1955, yenye Dilip Kumar, na ile ya Sanjay Leela Bhansali ya 2002, yenye Shah Rukh Khan. Nunua ya 1955 kwanza. Bimal Roy alikuwa mpiga picha wa Devdas ya P. C. Barua katika miaka ya 1930, kwa hiyo alikuwa akirudia kitu alichokiona kwa jicho lake kupitia kamera. Tofauti ya filamu hizi mbili imo katika jambo moja: Paro na Chandramukhi, wanawake wawili wanaompenda mtu mmoja. Kwa Bimal Roy wanapishana njiani, wanatazamana, na kila mmoja anakwenda zake bila neno. Kwa Bhansali wanacheza pamoja Dola Re Dola katika jumba linalometameta. Wimbo ule ni mzuri sana na ninaupenda kwa dhati, lakini ule ukimya wa njiani hukaa na mtu miaka mingi. Ile ya 1955 haina rangi na ni ya umbo la mraba, kwa hiyo kataa nakala iliyonyooshwa ili ijaze televisheni pana. Nyuso zote huvimba.

Baazigar ya Abbas-Mustan, ya 1993, nainunua bila kusita kwa ajili ya nyimbo zake na Shah Rukh Khan kijana, stelingi anayemsukuma mpenzi wake kutoka juu ya ghorofa huku watazamaji wakiwa bado wanamwamini. Imechukuliwa kutoka A Kiss Before Dying ya 1991, ambayo nayo inatokana na riwaya ya Ira Levin. Mmarekani yule anaua kwa tamaa ya utajiri. Waandishi wa Bombay walimpa muuaji wao mama aliyevurugikiwa akili na baba aliyedhulumiwa kampuni yake, na kwa badiliko hilo moja tu kisa cha tamaa kikawa kisa cha deni la damu.

Kwa Drishyam ushauri wangu ni tofauti: nunua ya asili, ile ya Kimalayalam, lugha ya kusini mwa India, ya Jeethu Joseph ya 2013 yenye Mohanlal, na ile ya Kihindi ya Nishikant Kamat ya 2015 iwe ya pili. Ya Kihindi imefanywa vizuri, na Tabu kama mkuu wa polisi anastahili bei yake peke yake, lakini imefuata nyayo za ile ya kwanza hatua kwa hatua. Inapendeza kwamba shujaa wake, mwenye kampuni ndogo ya televisheni ya kebo, amejifunza hila zake zote za kuwapotosha polisi kwa kutazama filamu.

Ghajini ya 2008 ni ya mtu aliyekwisha kuzipata hizo nyingine. Wazo la mwanamume anayepoteza kumbukumbu kila baada ya dakika chache na kujichora mwilini anachotaka kukumbuka linatoka katika Memento ya 2000, kupitia Ghajini ya Kitamil ya 2005, ya mwongozaji yule yule A. R. Murugadoss na mwigizaji yule yule Asin. Nusu ya mapenzi ina uhai. Nusu ya kisasi ni ngumi.

Laal Singh Chaddha ya 2022 ilipata haki za filamu ya Kimarekani Forrest Gump kihalali, na boksi la chokoleti la ile ya asili likawa golgappa, kitafunio cha mitaani cha India, lakini kwa sehemu kubwa inatandika mkeka ulioshonwa kwa ajili ya chumba kingine, ikodishe, usiinunue. Kaante ya 2002 imeinyanyua filamu ya Kimarekani Reservoir Dogs na kuiacha huko huko Los Angeles. Hiyo usiilipie.

Neno la mwisho ni kuhusu nakala zenye mtafsiri wa Kiswahili anayesimulia juu ya sauti za waigizaji. Wengi wetu tulizijua filamu hizi kwa sauti hizo, nami nazitunza. Zinunue kama nakala ya pili, kwa sababu msimuliaji hulazimika kusema juu ya nyimbo na mazungumzo, na katika Sholay sauti ya bembea ile haisikiki kabisa.